Poka ya mashindano makubwa kwa mkuu wa kampuni wa Lubumbashi: mwongozo kamili

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu anayeongoza kampuni Lubumbashi, iwe ya malori ya mpakani Kasumbalesa, ya vipuri vya migodi au ya ujenzi, na anayetaka kuketi kwenye mashindano ya poka ya dola 1,000, 5,000 au 10,000 pasipo kampuni kutikisika. Mchezo wenyewe ni Texas Hold'em isiyo na kikomo: karata mbili mkononi, tano za wote mezani, na ruhusa ya kuweka jetoni zako zote (vipande vinavyotumika badala ya pesa mezani) wakati wowote. Ukikuta meza ya "poka" ambapo mpinzani wako ni mgawaji wa nyumba, ondoka. Huo ni mchezo wa kazino dhidi ya mteja, na humo hakuna ujuzi wa kukuokoa.

Maneno machache kwanza. Blaindi ni madau ya lazima yanayowekwa na wachezaji wawili kabla ya karata kugawiwa, ndogo na kubwa. Ante ni dau la ziada, ambalo siku hizi hulipwa na mwenye blaindi kubwa kwa niaba ya meza nzima. Kufanya tapi ni kusukuma jetoni zote. Tutapima kila kitu kwa blaindi kubwa, kwa sababu jetoni 60,000 ni utajiri blaindi zikiwa 100/200, na ni shida zikiwa 3,000/6,000.

1. Mfuko wa mchezo ukae mbali na kampuni

Tunaanza hapa kwa sababu ndipo wakubwa wengi wanapoumia, na wanaumia kabla hawajashika karata hata moja. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012. Sheria ya makampuni ya OHADA, kifungu cha 891, inamwadhibu kiongozi anayetumia mali au mkopo wa kampuni kwa faida yake mwenyewe kinyume na maslahi ya kampuni. Hilo ni kosa la jinai. Katika SARL (kampuni ambayo wanahisa hawadaiwi zaidi ya walichoweka), gerani, yaani meneja wake, na mwanahisa ambaye ni mtu binafsi haruhusiwi hata kukopa kutoka kwa kampuni. Kwa hiyo ule mpango wa "nitachukua 10,000 kwenye kasha leo, nitarudisha mwisho wa mwezi" si deni, hata kama hisa zote ni zako. Pesa ya poka ni mshahara au gawio lililokwisha kutangazwa, kulipiwa kodi na kuingia kwenye akaunti yako binafsi.

Fungua akaunti ya pili ya dola kwa jina lako, na uilishe mara moja tu kwa mwaka. Kiasi chake ni kile ambacho kikiisha chote, ada ya shule ya watoto, kodi ya nyumba na akiba ya miezi sita havigusiki.

Mfano wa dola 40,000 kwa mwaka. Toa 10,000 za ndege, hoteli na chakula. Watu husahau kwamba safari nazo hula mfuko. Zinabaki 30,000 za kuingilia. Weka sheria kwamba shindano moja, pamoja na kuingia upya (kulipa tena ukishatolewa), lisizidi sehemu ya tano ya hizo, yaani 6,000. Basi unapata mashindano 12 ya 1,100 (13,200), mawili ya 5,300 bila kuingia upya (10,600), na zinabaki 6,200. Shindano la 10,000 umekwisha kulifungia mlango, labda upite mchujo: unalipa 1,100, na katika kila watu kumi hivi mmoja anapata kiti cha 10,000. Hizo 6,200 zinakupa majaribio matano. Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani, alipitia mchujo wa intaneti wa dola 86 mwaka 2003 akaondoka Las Vegas na milioni 2.5. Mchujo haumwondolei mkubwa heshima yake.

Kwa nini tunabana hivi? Kwa kawaida mashindano hulipa asilimia 12 hadi 15 ya walioingia. Mchezaji wa kawaida anayelipwa mara 15 kati ya 100, akicheza mashindano yake 14 ya mwaka, ana nafasi moja kati ya kumi ya kumaliza mwaka bila kupata hata senti. Tena malipo mengi ni yale ya chini: kwenye Main Event, shindano kuu la World Series of Poker la Las Vegas, unaingia kwa 10,000, na anayelipwa wa kwanza kutoka chini hupata 15,000. Ukitoa kodi ya kule, tikiti na hoteli, hakuna kinachobaki.

2. Watu watatu wa kuambia kabla ya safari

Mwenzi wako, kwa tarakimu kamili. Mwenyekiti wa baraza au mshirika wako mkubwa, kwa maandishi mafupi: ni pesa binafsi, ni siku za likizo, nani ana sahihi. Na mhasibu, si ili alipe, bali ili akatae kulipa ukimpigia simu usiku.

Usidhani utajificha. Matokeo ya mashindano makubwa huwekwa wazi kwenye The Hendon Mob, tovuti ya kumbukumbu za poka: jina, nchi, kiasi. Mgavi wako, benki yako na mshindani wako kwenye zabuni wote wanaweza kukusoma humo, na humo huonyeshwa ulichoshinda, si ulicholipa kuingia. Mtu mwenye "ushindi" wa 80,000 anaweza kuwa amepoteza 50,000, lakini ndugu wote kuanzia Kamalondo hadi Ruashi wataziona 80,000 tu. Kama wewe ni kiongozi wa kampuni ya serikali, tarajia maswali zaidi: benki na kazino hukuhesabu kuwa mtu mwenye wadhifa wa umma, na hutaka kujua chanzo cha kila dola.

3. Karatasi na pesa njiani

Majina ndiyo yanayokwamisha watu wengi. Sisi tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo. Fomu za kazino na benki za nje zina nafasi mbili tu. Nakili mpangilio wa pasipoti yako neno kwa neno: jina na jina la pili vyote viingie penye jina la ukoo. Ukiandika Kabamba kwenye tikiti, Kabamba Ilunga kwenye hawala na Ilunga kwenye usajili, kazino itashikilia pesa mpaka ithibitishe kwamba watu hao watatu ni mmoja.

Visa za Marekani, na kwa kawaida za Ulaya, hushughulikiwa Kinshasa, kwa hiyo hesabu safari ya ziada na uanze miezi minne au mitano kabla. Chukua barua ya baraza inayosema wewe ni nani na unarudi kazini lini, taarifa za akaunti binafsi za miezi sita, na nyaraka za gawio. Ukiulizwa sababu ya safari, sema kweli: kushiriki shindano la poka. Likizo ya kubuni huvunjika pale afisa anapoona hawala ya 10,000 kwenda kazino.

Ada ya kuingilia itumwe kwa hawala ya benki, kutoka akaunti yako binafsi kwenda akaunti ya kazino, jina lako na namba ya usajili vikiwa kwenye maelezo. Dola inayotoka Lubumbashi hupita benki mshirika ya nje, na huko ndiko maswali hutokea. Tuma wiki tatu kabla. Hawala kutoka akaunti ya kampuni hurudishwa, na ikipita ni mbaya zaidi, kwa maana umejiandikia ushahidi wa kifungu cha 891.

Ukibeba noti, jua mpaka wa 10,000. Marekani haikukatazi kuingia na zaidi ya dola 10,000, inakutaka utangaze; usipotangaza, forodha inaweza kuzichukua zote. Umoja wa Ulaya unataka utangaze kuanzia euro 10,000. Hapa kwetu, sheria dhidi ya utakatishaji wa pesa imeweka mstari huohuo wa dola 10,000 kwa malipo ya noti. Kwa hiyo beba za chakula na teksi, mengine yapite benki.

Kodi inabadilisha hesabu nzima ya wapi ucheze. Marekani hukata asilimia 30 ya ushindi wa mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi unaomwondolea, na Kongo haina mkataba wa kodi na Marekani. Mgeni pia haruhusiwi kupunguza hasara zake kwenye ushindi. Yaani ukipoteza mashindano manne halafu ukapata 50,000 kwenye la tano, zinazotoka dirishani ni karibu 35,000, na yale manne ni yako. Mchezaji mzuri sana hutafuta faida ya asilimia kumi au ishirini juu ya ada. Mkato wa 30 unaimeza. Nenda Las Vegas mara moja kwa ajili ya Main Event ukitaka, lakini ratiba ya kawaida ijengwe Johannesburg, ambako saa ni ileile ya kwetu, na Ulaya. Kila mahali, kabla ya kulipa, uliza dirishani swali moja: mnakata nini kwa mkazi wa Kongo?

4. Jifunze kwa saa, si kwa hisia

Tenga saa tano kwa wiki kwa miezi sita kabla ya kugusa shindano la 5,000. Saa mbili za nadharia, mbili za kucheza kwa pesa ndogo, moja ya kupitia makosa. Pakua mazoezi yako mapema uyaweke kwenye kompyuta yenye chaji, kwa maana SNEL, kampuni ya umeme, haina habari na ratiba yako. Programu kama GTO Wizard na ICMIZER zinafaa nyumbani. Ni marufuku kuzitumia wakati mkono unaendelea. Na usijifiche nyuma ya VPN (programu inayoficha uko nchi gani) kuingia tovuti isiyopokea wachezaji wa hapa: akaunti hufungwa siku ya kutoa pesa, si siku ya kuweka.

Mambo manne ya kukariri hadi yatoke bila kufikiri:

Bei ya kulipa. Katikati kuna 12,000, mpinzani anaweka 6,000. Unalipa 6,000 ili upate jumla ya 24,000, basi unahitaji kushinda mara 25 kati ya 100. Ukisubiri karata moja ya kukamilisha rangi (karata tano za alama moja), zimebaki karata 9 nzuri kati ya 46, karibu asilimia 20. Haitoshi, tupa, isipokuwa una hakika atakulipa vizuri ukiipata. Njia ya mkato: hesabu karata zako nzuri, zidisha kwa 2 kwa kila karata iliyobaki kufunguliwa.

Bei ya uongo. Ukidanganya kwa nusu ya kilichoko katikati, lazima ifanikiwe mara moja kati ya tatu ili usipoteze. Ukidanganya kwa kiasi sawa na kilichoko, mara moja kati ya mbili.

Bei ya kusubiri. Ante ikilipwa na blaindi kubwa, mzunguko mmoja unakugharimu blaindi 2.5. Meza ya watu tisa hucheza mikono 25 hadi 30 kwa saa, yaani mizunguko mitatu. Mwenye blaindi 20 anayeketi tu hubaki na 12 na nusu baada ya saa moja, na hapo blaindi hazijapanda bado.

Nafasi. Anayecheza wa kwanza kwenye meza ya tisa aanze na mikono saba hivi kati ya mia: jozi kuanzia 7, asi (ree) na jaki za rangi moja kwenda juu, asi na malkia kwenda juu, mfalme na malkia za rangi moja. Anayecheza wa mwisho kabla ya wenye blaindi, waliomtangulia wote wakishatupa, anaweza kufungua mikono 40 kati ya mia. Fungua kwa blaindi 2 hadi 2.5, kiasi hichohicho kila mara, usije ukapima karata zako mbele ya watu.

5. Kuchagua shindano

Soma karatasi ya mpangilio kabla ya kutazama zawadi. Ngazi ni muda kabla blaindi hazijapanda. Jetoni 30,000 zenye ngazi za dakika 20 na jetoni 30,000 zenye ngazi za dakika 60 ni michezo miwili tofauti. Wa kwanza ni bahati iliyovaa suti. Main Event ya World Series hutoa jetoni 60,000 na ngazi za saa mbili, na ndiyo maana mgeni mvumilivu hudumu siku mbili tatu pale. Mwaka 2024 waliingia watu 10,112, wengi wao si wachezaji wa kazi. Kwa mkubwa atakayecheza shindano moja tu la dola 10,000, hilo ni chaguo bora kuliko shindano la 10,000 lenye watu 60, maana kwenye hayo madogo ya bei kubwa, watu 50 ni wataalamu na wewe ndiye zawadi.

Angalia makato ya nyumba yaliyoandikwa ndani ya ada. Tazama pia usajili hufungwa ngazi ya ngapi. Wataalamu watakuambia uingie mwanzo, na kwao ni kweli. Sisi tunasema kinyume kwa mgeni aliye kwenye meza ngumu: ukiingia ukiwa na blaindi 40 badala ya 200, maamuzi magumu yanapungua, na tofauti ya ujuzi nayo inapungua.

6. Mezani

Sheria zinazowaadhibu wageni ni hizi. Ukitupa jetoni moja kubwa bila kusema neno, mfano ya 5,000 juu ya dau la 2,000, umelipa tu, hujapandisha. Sema kiasi kwanza, kisha weka. Ukiweka jetoni kwa mafungu mawili bila kutamka, fungu la kwanza ndilo linalohesabiwa. Nyongeza lazima ifikie nyongeza iliyotangulia: blaindi 1,000/2,000, mtu kapandisha hadi 5,000, yaani kaongeza 3,000, basi wewe huwezi chini ya 8,000. Maneno hufunga, "nalipa" ikitoka kinywani, jetoni zimekwenda. Weka kitu juu ya karata zako, kwa kuwa mgawaji akizikusanya kwa makosa hazirudi. Na wakati mkono unaendelea, zungumza lugha ya nyumba hiyo tu. Watu wawili wa Lubumbashi wakisemezana Kiswahili wakati karata ziko mezani, hata kama wanaulizana habari za mechi ya Mazembe, watapewa onyo, kisha watasimamishwa mizunguko.

Sasa tabia za ukubwa, ambazo wataalamu huzitafuta kama mwindaji anavyotafuta nyayo.

Ya kwanza ni kutaka kuona. Ofisini ukiuliza, unajibiwa. Hapa jibu linauzwa, na mkubwa hulipa dau la mwisho "ili nijue tu". Wakishakugundua, hawakudanganyi tena. Wanasubiri mkono mzito na kuweka dau kubwa. Dawa ni kujiuliza kabla ya kulipa: taja mikono mitatu dhaifu ambayo mtu huyu angeiwekea dau hili. Ukikosa hata mmoja, tupa.

Ya pili ni kuchoshwa. Mtu aliyezoea maamuzi arobaini kabla ya mchana huketi saa nzima akitupa karata, na mikono huanza kuwasha. Ndipo mfalme na 6 zinaanza kuonekana nzuri. Andika kwenye kijitabu kila mkono uliocheza ukiwa wa kwanza. Ukiona zaidi ya mitatu kwa saa, umekwisha kulegea.

Ya tatu ni kutetea kilichokwisha kutumika. "Nimeweka 18,000, siwezi kuacha." Zile 18,000 si zako tena, ni za katikati ya meza. Aliyewahi kuendelea kulisha mradi mbovu kwa sababu tu alishanunua mashine analijua jambo hili, na bado atalirudia kwenye poka.

Ya nne hutokea kwenye dirisha la usajili. Umetolewa, umekasirika, usajili upo wazi bado, kadi iko mfukoni. Uamuzi wa kuingia upya uandikwe kwenye bahasha asubuhi: mara ngapi, hadi saa ngapi. Kadi ya benki iachwe kwenye sefu ya hoteli.

Rundo lako la jetoni likishuka chini ya blaindi 12, acha kupandisha kidogokidogo; ni tapi au kutupa. Ukiwa na blaindi 10 nawe ni wa kwanza kucheza, fanya tapi kwa jozi kuanzia 6, asi na kumi za rangi moja kwenda juu, asi na malkia kwenda juu. Ukiwa blaindi ndogo na wote wametupa, zaidi ya nusu ya mikono yote inafaa kwa tapi. Kosa la kawaida ni kusubiri asi mbili hadi rundo libaki blaindi 4, ambapo hakuna anayekuogopa.

7. Saa za ofisi na saa za meza

Johannesburg hakuna tatizo. Las Vegas wakati wa kiangazi iko nyuma yetu kwa saa 9. Shindano likianza mchana 12:00 kule, Lubumbashi ni 21:00. Ofisi yako inafunguliwa 07:30, na kule ni 22:30, saa ileile ambayo blaindi zimepanda, umechoka, na kila uamuzi una uzito. Malori yaliyokwama Kasumbalesa yatakufikia kwenye simu katikati ya mkono wa maisha yako.

Panga hivi. Kila siku 09:00 ya kule, ambayo ni 18:00 Lubumbashi, zungumza na msaidizi wako dakika 45, siku ya kazi ikiwa imeisha kwake. Baada ya 21:00 ya kule, simu ikae chumbani. Kabla ya kuondoka, mpe mtu mmoja sahihi ya benki yenye kikomo, na orodha ya mambo matatu pekee yanayoruhusu kukuita nje ya meza: ajali yenye majeruhi, amri ya mahakama, mgomo. Usisafiri wiki ya mishahara. Fika siku tatu kabla. Siku ya mashindano ni saa 10 hadi 12 za kuketi, na usingizi uliopotea hauonekani kwenye kioo bali kwenye jetoni.

8. Ukingoni mwa zawadi na meza ya mwisho

Karibu na nafasi ya kwanza ya kulipwa, jetoni unazopoteza zina thamani kuliko unazoshinda. Mwenye rundo la kati hapaswi kupigana na mwenye rundo kubwa kuliko lake, awasukume wadogo. Kwenye mchujo wa viti kumi, mkiwa mmebaki kumi na mmoja na wewe una rundo kubwa, kutupa hata asi mbili kunaweza kuwa sahihi, kwa sababu kiti cha kumi na cha kwanza ni kiti kilekile.

Wakibaki watatu, mtu atapendekeza mgawane. Hapo mkubwa hujiona nyumbani, ni mazungumzo ya biashara, na hapo ndipo huibiwa kwa adabu. Chukua zawadi za 50,000, 30,000 na 20,000. Marundo ni asilimia 50, 30 na 20. Mwenye rundo kubwa atasema: kila mmoja achukue 20,000, na 40,000 zilizobaki tuzigawe kwa jetoni. Itatoka 40,000, 32,000 na 28,000. Inasikika kuwa haki. Hesabu inayotazama nafasi ya kila mtu kumaliza wa kwanza, wa pili na wa tatu inatoa 38,393, 32,750 na 28,857. Yule wa kwanza amejiongezea 1,607 kutoka mifukoni mwenu. Mwombe msimamizi hesabu ya pili. Nyumba nyingi huwa nayo. Usiseme ndiyo kabla ya kuiona kwenye karatasi, na hakikisha msimamizi ndiye anayelipa kila mtu.

9. Kuuza na kununua hisa

Wachezaji huuza sehemu ya ushindi wao. Ada ni 10,000, unauza nusu kwa nyongeza ya 1.2: unapokea 6,000, wewe unabaki umetoa 4,000 kwa nusu yako. Ukilipwa 60,000, wao wachukue 30,000. Mkubwa huletewa zaidi hisa za kununua kuliko za kuuza. Jua kwamba nyongeza ya 1.2 inamtaka mchezaji apate faida ya asilimia 20 ili wewe urudishe tu pesa yako. Wachache wanaweza.

Usiuze hata asilimia moja kwa mgavi, mteja au mfanyakazi wako. Mgavi aliyenunua hisa yako kwa 3,000 ataitaja siku ya zabuni, na mwendesha mashtaka ataiita jina jingine. Mkataba uandikwe kwenye ukurasa mmoja: asilimia, nyongeza, na kama mgao ni kabla au baada ya ile kodi ya 30.

Wenye makampuni waliofika ngazi ya juu kabisa waliamua mapema pesa inakwenda wapi. Guy Laliberté, mwanzilishi wa Cirque du Soleil, alianzisha shindano la dola milioni 1 mwaka 2012 lililoingiza watu 48, na 111,111 za kila ada zilikwenda kwa mradi wake wa maji, One Drop. David Einhorn, msimamizi wa mfuko wa uwekezaji, alimaliza wa tatu akapata zaidi ya milioni 4.3, akazitoa kwa shirika la elimu. Andika nawe kabla ya safari: sehemu gani inarudi kwenye mfuko, gani nyumbani, gani kwa ndugu. Ukisubiri hadi ndege itue Luano, orodha itakuwa imeandikwa na wengine.

10. Baada ya kurudi

Omba zawadi ilipwe kwa hawala kwenye akaunti ileile iliyotuma ada, na uondoke na barua ya kazino yenye tarehe, jina la shindano, nafasi uliyomaliza na kodi iliyokatwa. Benki ya Lubumbashi itaidai. Ndani ya siku saba jaza daftari: ada, kuingia upya, safari, zawadi, saa ulizocheza, mikono mitano uliyoijutia. Gharama za safari ziingie mstari uleule na ada. Mfuko wa mwaka ukiisha mwezi wa Agosti, mhasibu aondoe jina la akaunti hiyo kwenye simu yako mpaka Januari.